Tarakimu Tano za Kadi ya Halima

Mwende,

Umetoka na mama yako kwenda soko la Toi kutafuta sweta na blanketi, kwa vile kila mtu amewatisha kwamba Eldoret kuna baridi ya kukata masikio. Nimebaki peke yangu hapa Kawangware, nimeketi mezani na kalamu. Mambo ya kula vizuri, kufunga chumba na kuchagua marafiki, mama yako atakuambia mpaka uchoke. Mimi nina jambo moja tu la kukwambia kabla hujaondoka kesho. Linamhusu Halima, Mama Zamzam, jirani yetu wa zamani kule Silanga, Kibera, na si vile unavyolijua.

Jumapili kwenye maombi ya kukuaga, mchungaji alikupa maikrofoni useme kidogo. Ukasema unakwenda chuo kikuu kusomea kompyuta kwa sababu baba yako alikufundisha namba ukiwa mtoto. Ukasema baba yako ndiye aliyemnasa mwizi wa maji Silanga, kwa namba tu, bila polisi, bila kupiga mtu. Watu wakapiga makofi. Mama yako aliinama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba, na kwenye mkoba hakukuwa na kitu cha kutafutwa. Na mimi nikainua mkono kuwapungia watu. Niliinua mkono, Mwende! Mkono huu huu ninaoandikia.

Hakukuwa na mwizi. Halima hakuiba maji. Nilikosea mimi, nikaja kujua kwamba nimekosea, na nikanyamaza. Ni karibu miaka minane sasa.

Wacha nikueleze polepole, maana mtu akikosea kwa namba huwa anajificha nyuma ya namba hizo hizo, na mimi sitaki tena kujificha. Unakumbuka ule mradi wa maji ulipokuja, nikaacha kazi ya kuwafungia watu nyaya za stima nikaajiriwa kuangalia mabomba. Kila mwenye kioski cha kuuzia maji, na kila mwingine aliyejiandikisha, alipewa kadi ndogo ya plastiki. Ukiigusisha kwenye bomba, maji yanatoka na mashine inaandika kadi gani imechota, saa ngapi, mitungi mingapi. Nyuma ya kila kadi palikuwa na alama kumi na sita, namba zimechanganyika na herufi. Wakubwa wa mradi kule mjini hawakutaka kuona herufi. Walitaka namba za kawaida, zile za sufuri mpaka tisa. Kazi ya kuzigeuza ikawa yangu.

Nilikufundisha wewe na Zamzam, pamoja, mezani kwetu. Nilianza na mayai. Mama yako akiulizwa ana mayai mangapi, anasema treyi tatu na matano. Mimi nitasema tisini na tano, maana treyi ni thelathini. Mayai ni yale yale, hakuna lililotaga lingine hapo katikati. Basi zile mashine nazo zilikuwa na treyi zao za kumi na sita. Zikifika tisa hazisemi kumi, zinaandika A, halafu B, mpaka F ambayo ni kumi na tano, ndipo zinafungua treyi mpya. Kwa hiyo 2F ni treyi mbili na kumi na tano juu, yaani arobaini na saba. Mlicheka sana, mkaanza kuandikiana umri wenu kwa herufi. Wewe ulikuwa na miaka B.

Kugeuza kadi nzima kwa penseli ilikuwa kazi ya mtu asiye na haraka. Unagawa ule mlolongo wote kwa kumi, unachukua baki, unaiandika mwisho kabisa kulia. Kilichobaki juu unakigawa tena kwa kumi, unaandika baki upande wa kushoto wa ile ya kwanza, na hivyo hivyo mpaka tarakimu zote ishirini zitoke. Kadi moja ilinilia karibu nusu saa. Zamzam alikuwa anaimaliza kabla yako. Ulikuwa unafunika karatasi yako kwa mkono asiibie, na mwenzako alikuwa ameshamaliza kitambo, anakusubiri mtoke mkacheze. Nakwambia haya si kukuumiza. Au labda ni kukuumiza, sijui. Alikuwa anakushinda na sote tulijua.

Kisha kadi zikawa nyingi, mamia, na ripoti ikatakiwa kila Ijumaa. Mradi ukanipa kompyuta kuukuu. Nikaingia kwenye programu ya majedwali nikaiandikia kanuni yangu mwenyewe: kila alama izidishwe kwa kumi na sita zake kadiri ya mahali ilipo, halafu zote zijumlishwe. Nilikuwa na raha, wacha tu! Nikaijaribu kwa namba ndogo. 2F, ikasema arobaini na saba. 3A, ikasema hamsini na nane. Nikajiona profesa. Sikuijaribu kwa kadi hata moja nzima. Hata moja tu, ambayo nilikuwa nayo tayari kwenye daftari, imegeuzwa kwa mkono wangu.

Ile programu ilikuwa inashika tarakimu kumi na tano tu. Namba ikizidi hapo, haikwambii imeshindwa. Inashika kumi na tano za mbele, halafu hizo nyingine inakuwekea sufuri. Namba inabaki ndefu vile vile, inapendeza macho. Kadi nyingi zilitofautiana tangu mbele, lakini chache zilitoka kiwandani mbili mbili zimefuatana, zinafanana kote isipokuwa mwishoni. Halima na shule ya nasari ya pale chini walichukua kadi siku moja, mmoja nyuma ya mwingine, wakapata mbili za namna hiyo. Kwenye ripoti yangu wakawa namba moja.

Nasari ilikuwa inalipiwa maji na wafadhili. Unaona sasa inavyokwenda. Ripoti ikaonyesha kadi ya watoto inachota asubuhi na jioni, na tena inachota kwenye kioski cha Halima. Na kadi ya Halima mwenyewe haikuonekana popote, eti haijawahi kuguswa bombani hata siku moja. Mkubwa wa mradi akanigeukia akauliza maana yake nini. Nikamwambia. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia kwamba Halima ameficha kadi yake na anatumia nakala ya kadi ya nasari.

Watu wa mradi walikwenda naye bombani, na mimi nikaitwa na karatasi zangu. Nusu ya Silanga ilikuwa imesimama pale na mitungi. Halima akaivuta kadi yake shingoni, alikuwa ameifunga kwa kamba. "Hii hapa! Kila siku naigusisha hapa, nyinyi wenyewe mnaniona. Wallahi sina nyingine." Mkubwa akasema hiyo ni ya kuonyesha watu tu. Ndipo Halima akanigeukia mimi. Hakunigeukia kwa hasira. Alinigeukia mimi kwa sababu ndimi mtu wa mradi aliyemjua pale.

"Baba Mwende, wewe ndiye unajua hizi namba. Waambie."

Nikasema, "Kompyuta haiwezi kukosea, Mama Zamzam."

Angalia nilivyokuwa mpumbavu. Sikusema sijui. Sikusema nipeni mpaka kesho niangalie. Ningechukua penseli, dakika mbili tu, kwa maana ukigawa kwa mkono tarakimu ya mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Ile iliyotupwa na kompyuta ndiyo penseli inayoanza nayo! Lakini palikuwa na watu, na nilikuwa na karatasi zilizochapwa, na nilipenda kuwa mtu mwenye karatasi zilizochapwa.

Wakamnyang'anya kioski siku hiyo.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mtu aliyekosea, na watu hukosea. Sikiliza kilichofuata. Baada ya wiki sita hivi kadi mbili nyingine, zilizotolewa karibuni, zikagongana kwenye ripoti. Moja ilikuwa ya shemasi wetu, yule mzee wa Machakos, Mkamba mwenzetu, mliyekuwa mkimwita babu, na nyingine ya mama mmoja wa saluni. Kadi ya shemasi ilionekana kuchota maji yasiyo yake. Na unajua nilisema nini kichwani mwangu, hapo hapo, bila kufikiri? Nilisema shemasi hawezi kuiba, lazima kompyuta ina shida.

Soma hapo tena, Mwende. Shemasi hawezi. Kwa Halima sikusema hivyo. Halima alizaliwa Kibera, na babake alizaliwa Kibera, Wanubi wa tangu enzi za babu zao askari wa Waingereza, na sisi tulikuja juzi kutoka Kitui na sanduku moja. Alitupangishia chumba wakati hatukujua mtu. Mama yako alipokuzaa wewe, ni Halima aliyekuogesha. Lakini hasali pale ninaposali, na hatoki kwetu, na kumbe mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeshamweka tayari kwenye watu wanaoweza. Sikujua kama nina mahali hapo. Namba hazikumhukumu. Zilinipa nafasi tu, na mimi nikaingia mbio.

Nikachukua penseli nikagawa kadi ya shemasi. Baki ya kwanza kabisa ilitoka saba. Kwenye kompyuta, mwisho palikuwa na sufuri. Nikashuka na ile kolamu kwa kidole, kadi baada ya kadi. Zote zilikuwa zinaishia na sufuri tano. Zote! Mamia ya kadi, nilikuwa nimezitazama kila Ijumaa kwa miezi, na nilidhani ndivyo kiwanda kinavyozitengeneza.

Nilirekebisha jioni ile ile. Nikaigeuza kolamu isomwe kama maandishi, si kama kiasi, na nikaandika kanuni mpya inayogawa kwa kumi na kuokota baki moja moja, kama tulivyofanya mezani. Haikuwa kazi ngumu. Namba ya kadi hakuna anayeijumlisha wala kuitoa, ni jina la mwenyewe. Kata mwisho wa Mutua na mwisho wa Mutuku uone, wote wanakuwa Mutu, na mmoja anafungwa kwa kosa la mwenzake. Ripoti iliyofuata ilikuwa safi. Shemasi hakujua kamwe kwamba kulikuwa na jambo.

Na sikumwambia mtu. Kwa sababu wakati huo kile kioski kilikuwa kimeshapewa mama yako. Mkubwa alisema familia iliyolinda mradi inastahili. Mama yako alikataa wiki nzima, akasema hawezi kukaa kwenye kiti cha Halima, nami nikamsukuma. Nilimwambia Mwende anataka shule nzuri, unataka abaki hapa hapa? Karo yako ya darasa la sita na la saba ilitoka kwenye bomba la Halima. Viatu vyako vyeusi vya shule, vile ulivyokuwa ukivifuta kwa mate, vilitoka hapo.

Zamzam akaacha shule mwaka huo. Unamkumbuka alivyokuja siku moja na mandazi kwenye bakuli la bluu, ametumwa na mamake, ilikuwa Idi. Wewe ulisimama mlangoni na wenzako wawili. Ukamwambia hamli vitu vya wezi. Ukalimwaga lile bakuli chini, pale kwenye mtaro. Yeye hakulia. Aliokota bakuli, akalipangusa na leso yake, akaenda.

Nilikuwa nyuma yako, ndani, kwenye kiti. Nilikuwa nimeshajua kwa miezi mitatu. Niliona yote na sikuinuka. Wewe ulikuwa mtoto na ulifanya ulichoambiwa ni haki, kwa hiyo sitaki ujitese kwa hilo bakuli. Hilo bakuli ni langu.

Mama yako nilimwambia baada ya miaka miwili, kwa sababu alianza kuniuliza mbona kila tukipita karibu na Halima navuka barabara. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Nenda ukaseme." Nikasema kesho. Kesho yake akauliza, nikasema Jumamosi. Jumamosi akapeleka ufunguo wa kioski kwa mradi, akarudi, akaanza kufunga vyombo. Ndivyo tulivyokuja Kawangware. Wewe uliambiwa kodi imepanda. Tangu hapo mama yako ananipikia, anafua shati langu, anacheka ukiwepo wewe. Usipokuwepo hatucheki. Kuanzia kesho hutakuwepo, na sikwambii hili ili unihurumie, nakwambia kwa sababu umewahi kuniuliza kwa nini mama hapendi hadithi za Kibera.

Sasa umemaliza shule, umepita vizuri, unasifiwa. Mambo ya kompyuta utayajua kuliko mimi, utanicheka na tarakimu zangu kumi na tano. Yatakayokushinda si hayo. Siku moja utakuwa na kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, kinafanya kazi, watu wanakusifu, halafu mtu mmoja asiye na karatasi yoyote atakwambia kimekosea. Utamtazama kwanza ni nani. Utataka kujua anatoka wapi, anazungumza vipi, kabla ya kumsikiliza. Sisemi usifanye, maana utafanya. Mimi nilifanya na nilijiona mtu mzuri sana.

Jumanne, baada ya yale makofi ya kanisani, nilikwenda Silanga. Halima anauza makaa siku hizi, karibu na bwawa. Amezeeka. Mikono myeusi mpaka viwiko. Zamzam anasuka nywele mtaa wa Olympic, ana mtoto wa kiume. Nilikaa kwenye gunia nikaanza kueleza, kompyuta, tarakimu, sufuri, kadi zilizofuatana. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na karatasi hata. Akaniacha niseme kama dakika moja.

"Hizo namba weka chini," akasema. "Unataka kuniambia sikuiba?"

"Ndiyo, Mama Zamzam. Hukuiba."

"Baba Mwende. Mimi najua sikuiba. Nimejua siku zote. Umetoka Kawangware mpaka hapa kuniletea habari niliyo nayo?"

Mteja akaja, akampimia makaa kwenye debe, akarudi akakaa. Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekataa chai.

"Habari hiyo mpelekee asiyenayo. Nasikia mtoto wako anaenda chuo, na nasikia alisema jina langu kanisani. Watu wanaongea, hapa na huko si mbali. Mwambie yeye. Asipande gari na jina langu hivyo mdomoni. Halafu Jumamosi kuna mkutano wa bomba, watu wale wale wa siku ile watakuwepo, uje useme mbele yao. Msamaha tutaona. Mimi sijui kama ninao."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Alhamisi. Jumatano nilikuwa na siku nzima na wewe, tulienda kunyolewa, tukala chipsi, uliniegemea begani, na sikusema. Nilipanga niiandike hii barua niisukume chini ya nguo zako, uikute huko Eldoret, uwe mbali, usinione usoni. Nimeandika kurasa hizi zote nikiwa na mpango huo. Halima alisema usipande gari kabla hujajua. Alisema waziwazi kabisa, na mimi bado nilikuwa natafuta njia ya kumzunguka, hata sasa, hata kwa hili.

Basi nitakupa mkononi. Nawasikia hapo chini mnabishana na mtu wa bodaboda. Soma sasa hivi, kabla ya chakula, kabla ya kufunga begi. Mama yako ataona sura yako na atajua, na sitamwomba akutulize. Bado kuna mwanga, na Zamzam hufunga saluni saa mbili. Kama utataka kwenda kwake, nenda bila mimi, na umwambie la kwako mwenyewe. Langu usimwambie, wala usiniombee msamaha kwa mamake. Huo nitakwenda kunyimwa mwenyewe, Jumamosi, mbele ya watu.

Ni mimi,
babako.